Saa ya Mwalimu Bitama

Kibanda cha Fundi Luhomvya kipo Mwanga, nyuma ya wauza mawese.
Runinga yake ndogo ameifunga kwa mpira wa baiskeli
isitetemeke malori ya Kasulu yakipita.
Usiku wa fainali tulikuwa watu kumi na mmoja,
viti vinne.

Yolamu, mbeba mkaa wa Kidahwe, alianza yeye:
Mkimbiaji. Hakuna mjadala hapa.
Kila mtoto duniani amewahi kufukuzwa na mbwa,
kwa hiyo anayekuwa wa kwanza
ametushinda sisi sote, na wewe Mwavita umo.
Muogeleaji kamshinda nani?
Kawashinda wenye bwawa.

Mwavita, muuza migebuka wa Kibirizi, alicheka kwa pua.
Hesabu medali, akasema.
Wako anazivaa. Wangu zinamwinamisha shingo.

Kwani maji si yana ujanja! akaruka Yolamu.
Wanaogelea kifudifudi, dhahabu.
Wanageuka chali, dhahabu.
Kama chura, dhahabu; kama kipepeo, nyingine hiyo.
Basi na wangu apewe ya kukimbia kinyumenyume,
apewe ya kuruka kichura,
apewe ya kupanda mlima na magunia mawili ya mkaa,
na hiyo, wallahi, nitaenda kuichukua mwenyewe.

Tulicheka mpaka fundi akadondosha parafujo ya saa ya mtu
na sote tukapiga magoti kuitafuta.

Mwavita hakupiga magoti.
Ardhi haimvuti mtu mguu, alisema, ukichoka unakaa.
Alisema habari ya kaka yake, Sumaili,
mtumbwi ulipopinduka ng'ambo ya Bangwe,
alivyokata maji na mtoto wa jirani mgongoni,
bila kamba za rangi pembeni,
bila mstari mweusi chini wa kumwonyesha njia,
na alipofika hakugusa ukuta,
aligusa sufuria lililokuwa likioshwa.
Nani alimpima? akauliza.

Yolamu alikuna kisigino.
Hiyo nayo ni nyingine, alisema.

Wakatokea kwenye kioo, wanane, wakijinyoosha.
Bingwa ana thelathini na moja, mtu akasema, goti limeshaanza kulalamika,
michezo ijayo atakuwa anatangaza wenzake.
Mwingine: mwangalie yule kijana wa mstari wa tatu, hajanyoa hata ndevu.
Mwingine: ndevu hazikimbii.
Fundi alifungua droo akatoa saa ya kupimia mbio
ya Mwalimu Bitama, aliyeileta mwaka wa kipindupindu
akahamishwa, asirudi kuichukua.
Iliponyamaza runinga, tukanyamaza nasi.

Bastola. Fundi akabonyeza.

Wakiwa mita ya sitini, kijana mbele kwa kifua,
bingwa ndiyo kwanza anafungua hatua,
umeme ukakatika.
Kuanzia Gungu mpaka stesheni
mji mzima ulisema aaah kwa koo moja.

Gizani tulisikia saa ikiendelea.
Simamisha, tukamwambia.
Nisimamishe vipi, akajibu, mimi sijamwona akifika.

Basi tukabishana juu ya mita arobaini zilizobaki
mpaka mgambo akatupigia tochi.
Yolamu alimvusha bingwa mara sita.
Kuna aliyemwangusha kijana, akamhurumia, akamwinua.
Saa ikakata dakika, ikakata nusu saa,
spring ikalegea, ikalala yenyewe.

Asubuhi redio ilitaja mshindi na muda wake.
Yolamu alisema redio haikuwepo.

Mwavita alipita na beseni tupu kichwani
akauliza ile saa inauzwa bei gani.
Haiuzwi, ya watu.
Basi niazime Jumapili, alisema.
Sumaili ana arobaini na sita sasa, bega moja halipandi,
lakini amekubali.

Fundi alifuta kioo kwa pindo la shati, akaijaza ufunguo.
Kutoka pale mtumbwi ulipopindukia mpaka ufukweni, aliuliza,
ni mita ngapi?

Mwavita alitazama upande wa ziwa,
ambalo kutoka pale halionekani,
kuna ukuta wa benki.
Nyingi, akasema.
Andika nyingi.