Draivu Moja

Mwaka ule, Kondele, draivu ilikuwa moja
na kompyuta mbili zisizosalimiana:
yangu, iliyong'oka herufi R,
na ya Apondi, iliyofika kwa treni
ndani ya gunia la nazi.

Diski yake ikiingia kwangu
mashine ilikoroma, ikakohoa,
ikaandika: haisomeki.
Basi tukagawana siku.
Jumatatu waya kwake, Jumanne kwangu,
Jumapili stima hakuna.

Fundi Obura akalehemu waya mmoja mmoja,
usiku kucha, akiongea na moshi,
akafunga swichi ya taa ya chumbani:
juu Apondi,
chini mimi.

Alipohamia Eldoret draivu ilibaki.
Swichi aliiacha juu.
Diski zangu ninazo, waya upo;
kidole ndicho kinachokataa.