Kuhamisha Jenasi

Jumatatu waraka ulifika Kongwa:
*Pennisetum* imefutwa. Yote iingie *Cenchrus*.
Nikaitwa mimi, Chidawali, mtunza kabati,
mwenye gundi na kalamu ya risasi,
mwenye kikohozi cha majani makavu
ya miaka sitini.

Nikavuta droo.
Ndani ya kila karatasi unyasi umelala chali,
mizizi na udongo wake bado,
suke limepindwa kama shingo ya kuku aliyechinjwa
ili litoshe.
Zamani mpaka wao ulikuwa huu:
singa zikishikana kitakoni, wewe ni wa huku,
singa zikiachana, wewe ni wa kule.
Nywele tu. Undugu ulikatwa kwa nywele.
Kisha wenye maabara wakapima vinasaba,
wakasema, kumbe hawa tumbo moja.

Sikushangaa.
Mlali, shambani kwa mama,
uwele ulipochanua
palikuwa na nyasi ukingoni zenye suke lilelile,
ila dogo, la zambarau,
kama mtoto anayemuiga kaka yake kutembea.
Mama alizing'oa huku akizisemesha:
"Nakujua wewe. Nenda kwenu."
Kwao kulikuwa hapohapo.

Na jina hili jipya, nimesoma,
ni la Kigiriki cha kale,
maana yake uwele, au nduguye uwele.
Safari yote ile, darubini zote zile,
wameishia mlangoni pa jiko la mama.

Nabandika. Lebo juu ya lebo,
maana kabati halina ruhusa ya kufuta:
jina la zamani hubaki chini, limelowa gundi.

Karatasi ya mia na ushei.
Mkusanyaji: herufi mbili na jina la kizungu.
Mahali: maili nne kaskazini ya stesheni.
Udongo: mwekundu, kichanga.
Maisha: ya kudumu.
Jina la kienyeji:

Basi.
Mstari mtupu, wino umeishia kwenye nukta mbili.

Nikaichukua hadi zizini kwa Mbeho,
anayekamua ng'ombe wa ranchi.
Hakuigusa. Alifuta mikono kwenye kanga, akauliza,
"Limekatwa mwezi gani?"
Haikuandikwa.
"Mvua ilikuwa imenyesha?"
Haikuandikwa.
"Sasa nikupe jina lipi?
Likichipua lina lake.
Likitoa suke ng'ombe wanalilamba, lina lake.
Likikauka likamchoma ndama jichoni
nalitukana, na tusi hilo nalo ni jina."
Akakanyaga kishina kilichoungua
pembeni ya ndoo, akakikanyaga tena.
"Uwele tunaulilia kila mwaka.
Hili limechomwa, limelambwa, limekanyagwa,
nani amewahi kulililia?"
Ndama akapiga kelele. Akaniacha.

Nimerudi kwenye meza yangu.
Mbele ya zile nukta mbili
nimeandika kwa penseli, taratibu,
mtu akitaka aweze kufuta:
*uliza mwezi.*

Ijumaa waraka mwingine.
Wanataka idadi ya gundi iliyotumika.
Nimejibu: chupa tatu.
Ya nne imekaukia mkononi mwangu,
na singa moja, sijui ya huku au ya kule,
imeganda juu yake.