Kati ya Kumi na Saba na Kumi na Tisa

Rashit hakuniuliza urefu.
Aliniambia nivue viatu, niegemee ukuta wa karakana,
akanipa kitabu cha hesabu za mabomba, jalada gumu,
nikibane mapajani hadi juu kabisa,
akageuka kando kwa adabu, penseli mkononi.
"Miguu themanini na nne," akasema. "Kiwiliwili kifupi.
Mikono umeazima kwa mtu mwingine."

Nje, theluji ya Machi inadondoka kutoka kwenye bati.
Miass yote inanuka makaa na maji ya tope.

Jedwali la dukani halikunisaidia:
lasema kumi na saba, *ama* kumi na tisa,
na kwenye hiyo *ama* nimelala macho wiki mbili.

Kumi na tisa ilikuwa ya Venyamin.
Nimeiendesha miaka kumi na mmoja tangu tumzike,
alumini, nzito, shingo ndefu kama lawama,
na kila mteremko wa Taganai nilijinyoosha kuufikia usukani
kama mtu anayeifuata chumvi upande wa pili wa meza
na hakuna wa kumsogezea.
Viganja vikafa ganzi. Nikasema ni umri.
Nguo ya kuazima, hata ukiiazima kwa mume,
haisitiri.

"Ukianguka, huangukia wapi?"
"Kushoto." Nikafungua kifungo kimoja, nikamwonyesha mtulinga:
bamba, skrubu sita, kovu jembamba.
Niliisoma picha hiyo mwenyewe, chumba changu cha eksirei,
mashine ile ile ninayowashia wengine.
Ilikuwa nyeupe kuliko mfupa.
"Titani," nikasema.
"Daraja la ngapi?"
"Hawakuniambia."
"Madaktari!" akasema, kwa uchungu wa kweli.

Akatoa vipande viwili vya mirija kwenye kopo la kahawa.
Cha kwanza kiungo chake kina fedha, magamba kwa magamba,
kama ubavu wa samaki mdogo.
Cha pili buluu, zambarau kidogo, kama anga baada ya mvua.
Nikachagua cha pili.
"Hicho ni maiti," akasema. "Kilivuta hewa.
Metali hii ikiwa moto haitakiwi kuvuta hata pumzi moja.
Naifunika kwa agoni, nje na ndani,
mpaka ipoe, kama mtoto njiti.
Kiwandani tulichomelea vitu ambavyo mpaka leo sivitaji.
Baiskeli ni ngumu zaidi. Inarudi na mtu wake, inakulalamikia."

Kisha akaandika, bila kuniuliza tena:
kumi na saba.
Mrija wa kichwa urefushwe sentimita mbili, mbele inyanyuke.
Shingo fupi. Pembe ya foki, digrii sitini na sita.
Matairi ya inchi ishirini na tisa, maana mizizi ya kule haina huruma.
Mrija wa chini mnene.
Miguu ya nyuma myembamba, ipinde kidogo, itafune mawe kabla yako.
"Usiniombe iwe ngumu," akasema.
"Ngumu wanaagiza vijana. Wewe unataka kufika na meno yako."

Nilifungua mdomo niseme kumi na tisa.
Si kwamba niliitaka.
Ni vile ulimi unavyoita jina asubuhi
kabla kichwa hakijaamka.
Rashit alisubiri, kifutio kidoleni.
Kettle ikaanza kuimba, hakuna aliyeiendea.

"Kumi na saba," nikasema.

Ukutani mstari wangu uko juu ya wa kijana aitwaye Ilnur,
chini ya mtu asiye na jina, tarehe tu.
Venyamin hakuwahi kupimwa popote. Alinunua sokoni,
akaipanda mara moja kuzunguka maegesho, akasema: inatosha.

"Rangi?" akauliza Rashit.
"Usipake kitu. Nataka kuona viungo.
Kazi yangu ni kusoma mifupa."

Akahesabu malipo ya awali, akakosea,
akalamba kidole,
akaanza upya.