Kasoro Kumi na Tisa

Korosho zililipa mnada wa tatu.
Nikapanda basi la alfajiri kutoka Masasi
na tochi, sumaku, bisibisi butu,
na bei niliyokwisha kuikata kichwani
kabla sijaona hata tairi.

Tairi lenyewe halikuwapo.
Nachingwea, Kilimanihewa, nyuma ya nyumba,
Landrova ndefu ya mwaka sitini na nane
imekalia vipande vinne vya reli,
ile reli ya karanga
iliyofika huku, ikapiga honi miaka michache, ikang'olewa.
Wilaya hii inaijua kazi isiyokwisha.

Bi Somoe akanitolea kigoda.
Sikukaa.
Mnunuzi akikaa, na bei inakaa.

Nikaanza chini, mgongo kwenye udongo mwekundu.
Bodi ya alumini haishikwi na sumaku,
haisemi kweli wala uongo,
basi nikaiuliza chasisi.
Nikagonga kwa kitako cha bisibisi:
ngo, ngo, ngo,
ngo, ngo,
po.
Hapo kutu imekula, ikapakwa rangi nyeusi ya heshima.
Nikatoa laki mbili.

Dinamo haina brashi. Nikatoa.
Springi ya nyuma, jani moja limekatika. Nikatoa.
Wayaringi panya wameifanyia karamu.
Gari lililofunguliwa si gari,
ni ahadi iliyotiwa kwenye maboksi,
na ahadi ya mwingine
hainunuliwi kwa bei ya aliyeahidi.

Lakini makopo!
Makopo ya maziwa ya unga, yamepangwa ukutani,
kila moja na karatasi yake:
"Stadi za manifoldi." "Boliti za gearboksi, ndefu."
"Hizi sijui za wapi, usitupe."
Mafundi ninaowajua humwaga vyote kwenye kiroba kimoja
kisha humlaumu shetani.
Nikaona, nikanyamaza.
Siku ya kununua, mali ya mwenzio haisifiwi.

"Nimehesabu kasoro kumi na moja," nikasema.
"Milioni moja na nusu."
Akanionyesha risiti zimefungwa kwa mpira wa baiskeli:
pistoni, gaskiti, kabureta ya mtumba,
milioni sita na ushee, miaka tisa.
"Bi mkubwa, risiti ni ya aliyelipa.
Mimi nanunua kilichobaki."

Hakubisha. Akaingia ndani,
akakaa huko hadi nikadhani nimefukuzwa.
Akatoka na kaunta buku, jalada limelowa oili.
"Wewe umeona kumi na moja.
Hemedi aliacha kumi na tisa."

Kalamu ya risasi, mwandiko umeinama mbele
kama mtu anayesukuma gari.
*Namba saba. Silinda hedi ina ufa, tundu la tatu na la nne,
mwembamba kama unywele. Atakayeuliza aambiwe.*
Pale pale nilimulika tochi asubuhi ile,
nikaona mng'ao wa grisi, nikapita.

Kwa haki, kasoro nane zaidi zingeishusha bei.
Nikapiga hesabu mara mbili, haikushuka.
Hakuna mtu niliyemwona akifilisika kwa kutu.
Nimewaona wakifilisika
kwa kutu ambayo hawakuambiwa.

"Milioni mbili na laki nne," nikasikia nikisema,
"na daftari."
"Gari chukua," akasema Bi Somoe.
"Daftari halimo."

Tukatazamana.
Kuku akapita chini ya difu.

Basi nikavuta kigoda, nikakaa,
nikageuza stakabadhi ya korosho upande mweupe,
yeye akasoma, mimi nikanakili,
mbu wa jioni wakitudai sote wawili.
Kumi na sita, bush za shako.
Kumi na saba, honi, inalia ikitaka.
Kumi na nane, kufuli la mlango wa nyuma.

Kumi na tisa akaisoma kimoyomoyo.
Nikachungulia:
*Kioo cha upande wa S. hakipandi. Upepo unampiga.*

Akalifunga daftari juu ya kidole chake.
"Hiyo," akasema, "andika kioo tu."

Nikaandika: kioo.