Karanga za Kadutu

Baba alinituma sokoni Kadutu na maneno haya:
usitazame karanga, tazama karatasi.
Ikiwa ya daftari la shule, uliza bei, uende zako.
Ikiwa na kichwa cha chui juu,
nunua, hata kama karanga zimeoza.

Babu yangu aliifagia nyumba ile ya Nyawera
mji ungali ukiitwa jina la mzungu.
Gazeti la serikali lilikuja kwa Kifaransa na Kiflama,
safu mbili, kama reli zisizokutana,
naye alipita katikati na ufagio.
Kugusa aliruhusiwa, kwa kitambaa, kupangusa vumbi.
Kusoma, hapana.
Lakini yako mavumbi magumu, alituambia:
ukurasa mmoja ulimchukua nusu saa.

Kisha uhuru. Baba akapewa ufunguo, mhuri wa mpira
na gunia la posta kutoka Kinshasa kila mwezi.
Akabandika mlangoni, kwa mkono wake:

*Sheria si ya wakubwa, ingia nawe usome,*
*Kurasa hazikuzibwa, mwanamke, mwanamume,*
*Ni vidole vya ubwabwa? Nawa kwanza, usigome,*
*Ukurasa ukiibwa, itabaki nchi kame.*

Waliingia. Karani wa chai, fundi viatu,
mwalimu asiyelipwa akitafuta amri iliyosema atalipwa.
Walisoma kwa kidole, midomo ikitembea.
Gunia likaanza kuja kila miezi mitatu,
kisha Noeli kwa Noeli,
kisha gunia bila gazeti,
kisha hata gunia.

Mwaka wa uporaji viti vilitangulia,
taa zikafuata, na sinki ya choo
ilipanda Kadutu kichwani mwa mtu mwenye haya.
Karatasi hazikuwa na mwizi.
Zilingoja majirani, wakazipima kwa kilo.

Ndiyo maana tulikula karanga
mpaka meno yakachoka.
Sheria ya misitu ilirudi imelowa mafuta:
ukiiinua mbele ya koroboi
unaona moto upande wa pili.
Uteuzi wa mabalozi ulirudi na magamba ya sambaza.
Mama alisema, mume wangu anainunua serikali
rejareja.

Ndipo akaja Nsimire, mjane wa Rhugenda, kutoka Panzi,
viatu mkononi kwa ajili ya matope.
Kanali mmoja amejenga ukuta katika kiwanja chake.
Anasema dola ilikitwaa zamani, mwaka sabini na nne,
imeandikwa.
"Basi nataka kuyaona hayo maandishi," alisema Nsimire.
"Mimi sijui Kifaransa.
Lakini jina la mume wangu nalijua likiwa kimya."

Wiki sita. Kadutu, Nyawera, feri ya Essence,
nikinunua kwa wauzaji wanaonicheka:
mtoto wa Zihindula, anayemwaga chakula
na kuramba ganda lake!

Siku ya mvua, kwa mama mmoja asiye na meno,
karanga za chumvi, koni ndogo.
Sabini na nne. Orodha ya viwanja.
Imechanika kwenye herufi N.
Rhugenda hayumo, wala hatujui kama alikuwamo;
R iko tumboni mwa mji.
Ila juu, chini ya masikio ya chui,
namba ya amri ilikuwa nzima, na tarehe yake.

Baba aliketi chini kwenye sakafu,
maana viti havijarudi hadi leo.
"Namba inatosha," alisema. "Mwenye namba
haombi tena. Anadai."
Nsimire aliinakili kwenye kiganja,
kisha kwenye kitenge, kisha akanifundisha mimi,
nisije nikafa nayo bila kumwambia mtu.

Kesi ingali inaahirishwa.
Vijana wanatuambia siku hizi yote yamo ndani ya simu,
na pengine yamo;
megabaiti ni ghali kuliko karanga.

Ile nusu karatasi imo kwenye rejista.
Baba aliandika kwa wino, bila haraka:
*Gazeti Rasmi, nusu ukurasa.*
*Limetoka: sokoni.*
*Hali: lina chumvi.*