Namba Tisa

Kazi yangu ni kuzuia mji usianguke,
ila nisiusimamishe.
Mkataba unasema hivyo, kwa muhuri wa kaunti:
usijenge, usibomoe, usipake rangi.
Ukuta ukiinama, uegemeze gogo,
na gogo lisionekane na wapiga picha.
Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta;
mimi, Denzil Trembath, nalipwa kila Ijumaa ya pili
niutunze ufa.

Korongo la Tamsin, Nevada. Fedha ilitoka shimoni
ikawa fedha mfukoni,
na mfuko ukatoboka.
Walikuwa watu elfu sita. Leo tupo mimi,
nyumba arobaini na moja,
na kunguru wawili wanaogombania bomba la moshi.

Benki ilijengwa kwa matofali ili idumu.
Limebaki sefu tu, katikati ya majani makavu,
mlango wazi, ndani panya kazaa.
Lakini kibanda cha kufulia cha Bwana Lum Gee,
cha mbao za masanduku ya baruti,
ambacho baraza la mji liliamuru mara mbili kivunjwe,
kimesimama wima.
Pasi zake saba zingali kwenye rafu,
zimeelekezwa ukutani kama watoto walioadhibiwa.
Nimekipima, nimekizunguka. Sina maelezo.
Labda mtu anayejua atafukuzwa
hupigilia misumari miwili
palipotosha mmoja.

Julai huja wageni. Huuliza kama kuna mizimu.
Nawaambia ipo, maana wamelipa dola nane.
Mimi nimeuona mmoja tu: baridi ya Januari
ikipenya magazeti ya 1908 yaliyobandikwa ukutani,
ikifunua bei ya siagi, meno ya bandia,
kamba ya kizimba iliyokatika na majina kumi na moja
yaliyoandikwa kwa herufi ndogo kuliko za siagi.

Namba tisa ilikuwa yetu. Nasema ilikuwa.
Bibi aliifunga mwaka 1932, vikombe mezani,
kama anayekwenda dukani mara moja.
Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni
kuna mistari ya kisu, na mwandiko wake:
Jory, miaka minne. Jory, mitano. Jory, sita.
Huyo ni baba yangu.
Pembeni, chini: Loveday, miaka miwili.
Loveday, mitatu.
Kisha Jory, saba. Jory, minane.

Miaka kumi na tisa nimeukagua mwimo ule
kwa tochi na futi ya mkanda,
nikaandika: hakuna badiliko.

Juzi alikuja mjukuu wangu, Merryn,
viatu vimejaa lile vumbi
nililokatazwa kulifagia.
Hakuambiwa na mtu. Akaenda moja kwa moja,
akakiweka kisogo kwenye mbao, akanyoosha shingo,
akajaribu kudanganya kwa vidole vya miguu.
Shusha visigino, nikasema.
Kichwa chake kilifika
pale Loveday asipofika.

Mfukoni nilikuwa na msumari.
Huwa ninao.

Usiku, kando ya jiko la mafuta, nikafungua daftari:
Namba tisa. Paa, kama lilivyokuwa.
Dirisha la kaskazini, kama lilivyokuwa.
Vikombe, vinne.
Mwimo wa jikoni, mkwaruzo mmoja, mpya.
Chanzo, hakijulikani.
Hatua iliyochukuliwa,
hakuna.