Wachimbaji Kwanza

Dakika ya kwanza hakuna vita.
Kuna watu sita wenye kofia za taa,
kuna jiwe la buluu,
na kidole changu juu ya kitufe,
kikizaa wa saba, wa nane, wa tisa.

Zabrze, orofa ya nne. Theluji imeganda dirishani.
Baba yangu Alojzy anakunywa chai kavu,
anakohoa makaa ya miaka thelathini na mmoja.
"Meli zako ziko wapi?"
"Bado, baba. Jiwe, kisha gesi,
kisha karakana, ndipo meli.
Anayekimbilia manowari
hufa njaa na bunduki mkononi."
Akaguna. Uchumi huo anaujua.

Ramani ni giza tupu.
Namtuma mpelelezi, kidude cha bati kisicho silaha,
aambae ukingo wa vimondo.
Anaiona kambi ya Veikko, mvulana wa Oulu
nisiyemjua sura ila tabia:
karakana tatu, mgodi mmoja.
Ahaa. Anakuja mapema.
Mpelelezi analipuka;
habari imeshafika.

Naweka mizinga miwili penye mwanya,
pale meli hupita mojamoja
kama uzi kwenye tundu la sindano.
Nangoja.
Nangoja, nami najisifu kimoyomoyo.

Veikko hakupita mwanyani.
Aliruka juu ya ukungu, akashuka nyuma yangu,
mgodini.

King'ora. Nukta nyekundu. Taa za kofia zinazimika,
moja,
na nyingine.
Hesabu ya mchezo haina huruma:
mchimbaji ni jiwe hamsini,
na kambi ya Veikko sasa iko uchi.
Mwache ale vibarua, wewe kabomoe nyumba yake.
Meli zangu kumi na moja zimeshageuza pua.

"Watoe chini!"
Baba amesimama. Chai imemwagika kwenye soksi zake.
"Watoe, Halszka! Unangoja nini?"

Nikazirudisha meli.
Nikawapitisha wachimbaji katikati ya moshi,
mpaka sayari ya tatu,
na nafasi ya kushinda ikafunga mlango wake
taratibu, kama lifti.

"Wametoka wangapi?"
"Kumi na wanne."
"Kati ya?"
"Kumi na sita."
Akatazama kioo muda mrefu.
"Francik," akasema. "Na Ewald."
Majina hayo hayakuwa ya mchezo.

Nilishindwa dakika ya ishirini na mbili.
Veikko akaandika: umecheza vizuri,
lakini mbona hukunishambulia?
Nikaandika neno, nikalifuta.

Baba alikuwa ameshavuta kiti,
soksi mbichi na vyote,
kidole chake kinene, chenye alama ya buluu chini ya ngozi,
kimegusa kona ya kioo.
"Anza tena," akasema.
"Ila hapa wamebanana, tisa jiwe moja.
Wagawe. Watu wakibanana hivi
hawachimbi, wanapishana tu."